Hewa Iliyobaki kwenye Mtungi

Ijumaa tarehe 14 Juni 2019, Debra Akello alitia sahihi cheti nambari 0087. Nakala yake iko katika faili ya kijani, droo ya pili ya kabati la chuma, katika ofisi ya wakufunzi ya chuo kidogo cha zimamoto kilicho kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Maseno. Mwenye cheti ni Joram Oyugi, wa Usenge, kando ya ziwa. Nyuma yake imebanwa karatasi ya mtihani wa nyumba ya moshi. Joram aliingia mtungi wake wa hewa ukisoma 300, yaani umejaa, akatoka baada ya dakika kumi na nane ukisoma 205. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuna maneno mawili ya mwandiko wa Debra: "Bora darasani."

Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, Joram aliingia katika ghala la magodoro lililokuwa likiungua. Wenzake walimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, hatua sita kutoka mlangoni. Barakoa ilikuwa juu ya magoti. Mtungi ulikuwa umebaki na hewa ya kumtosha kutoka, kurudi, na kutoka tena. Aliokolewa akiwa hai, ila hakurudi kazini. Sasa anaishi kwa mama yake, na kuna siku husahau njia ya dukani. Ripoti ilisema barakoa ilivuliwa "kwa sababu isiyojulikana."

Debra aliisoma ripoti hiyo mara moja, kisha akafungua droo ya pili na kutazama ile 205. Aliona kwamba sababu ilikuwa imeandikwa siku nyingi, kwa mkono wake mwenyewe, nayo ikapewa sifa.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Mtu anayefanya kazi nzito ndani ya moshi, akiwa amebeba mtungi mgongoni, anatakiwa kupumua sana. Akiogopa kuishiwa, huanza kubana. Anavuta, anashikilia, anatoa kidogo, anashikilia tena. Geji humsifu, kwa sababu namba inashuka polepole. Mwilini, hewa chafu ambayo ingetoka inabaki. Kichwa kinaanza kuuma, fikra zinachelewa, na baada ya muda mtu anahisi kwamba kinachomnyonga ni barakoa. Basi anaivua.

Kati ya watu wote, wanaokosea hivi kwa urahisi zaidi ni waliokulia majini.

Debra ana miaka arobaini na mbili. Alizima moto kwa miaka minane kabla ya kuanza kufundisha, na tangu mwaka 2021 ana tabia asiyoweza kuiacha: anahesabu pumzi za watu. Anahesabu za kondakta, za karani wa benki, za mwimbaji wa kwanza wa kwaya kanisani kwao Manyatta. Mtu aliyetulia huvuta kati ya mara kumi na mbili na kumi na sita kwa dakika. Akisikia chini ya hapo, humkodolea macho hadi mtu huyo atikisike.

"Mama, unanihesabu tena," bintiye Valarie, mwenye miaka kumi na sita, alimwambia Jumapili moja wakinywa chai.

"Sijakuhesabu."

"Mdomo wako unacheza, Mama. Umefika saba."

Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025 ndiyo ilianza wiki ya mwisho ya kozi. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Kituo kimoja cha zimamoto kilikuwa kimeomba vijana sita waliofuzu, na mkuu wa chuo, Bwana Gordon, alikuwa ameshawateua sita hao na kuahidi kutuma majina yao kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Bila sahihi ya Debra hakuna jina ambalo lingeweza kwenda.

Nyumba ya moshi ni kontena mbili za meli zilizounganishwa kwa kulehemu. Ndani kuna kuta za mbao zinazohamishwa kila siku ili mtu asikariri njia. Moshi hutoka katika pipa lililojazwa magugu maji yaliyokaushwa. Moshi wake ni mweupe, mzito, na hauna haraka ya kutoka. Mwanafunzi huingia kwa magoti, mkono wa kushoto ukutani, amtafute mwanasesere wa magunia mwenye uzito wa mtu mzima, kisha amvute hadi nje.

Calvince Ondiek, mwenye miaka ishirini na tatu, wa Luanda Kotieno, alimvuta mwanasesere nje kwa dakika kumi na sita. Mkufunzi msaidizi, Mark Wepukhulu, alisoma geji, akaifuta kwa kidole, akasoma tena.

"Mia mbili ishirini na mbili! Omera, wewe si mtu, wewe ni samaki ngege. Hebu geuka nione kama una matamvua."

"Matamvua nimeacha nyumbani, Mwalimu. Leo nimekuja na pua tu," Calvince alijibu, na darasa likacheka.

Debra hakucheka. Kwa dakika zile kumi na sita alikuwa amesimama nje, sikio limebanwa kwenye bati, akisikiliza. Barakoa ya zimamoto haifichi pumzi. Kila mtu akivuta, valvu hulia kama mtu anayefyonza chai ya moto. Valvu ya Calvince ililia, ikanyamaza. Debra akahesabu hadi tisa. Ikalia tena, ikanyamaza. Akahesabu hadi kumi na moja, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye komeo la mlango.

"Calvince, mle ndani ulikuwa unapumua?"

"Kama singekuwa napumua, Madam, hapa mngekuwa mnaongea na nani?"

"Unashikilia pumzi."

"Nabana matumizi, Madam."

"Kichwa kinauma?"

Alijifuta paji la uso. "Ni jua," akasema.

Siku iliyofuata Debra alizunguka nyuma ya tangi la maji kuangalia kama limejaa. Aliona maandishi ya chaki kwenye ukuta wa tangi, upande usioonekana kutoka ofisini. Ilikuwa orodha. Majina kumi na manne yalipangwa kwa hewa iliyobaki, namba za kila wiki zikifutwa na kuandikwa upya. Juu kabisa: CALVINCE 222. Chini kabisa: EMMACULATE 131, na kando ya jina hilo mtu alikuwa amechora birika.

Alisimama pale muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma majina kumi na manne.

Emmaculate Nabwire alikuwa ndiye anayewachemshia wenzake chai ya saa nne. Kwa wiki tatu Debra alikuwa amepokea kikombe kutoka kwake, akamshukuru, wala asijiulize kwa nini ni yeye kila siku. Aliyetoka na hewa kidogo kuliko wote ndiye aliyepika chai ya wiki nzima. Mwanafunzi aliyefuata mafundisho kuliko wote alikuwa akiadhibiwa kwa kupumua.

Mashindano hayo, chanzo chake ni Debra mwenyewe. Mwaka 2016 alikuwa mkufunzi mpya mwenye darasa zito, akaona ni njia ya kuwachangamsha. Aliandika namba ubaoni, na aliyeongoza akasamehewa kuosha mipira ya maji Jumamosi. Mwaka 2021, baada ya ghala la magodoro, aliyapiga marufuku. Hakueleza kwa nini, kwa sababu kueleza kungemlazimu kuitaja ile kalamu nyekundu. Kwa hiyo wanafunzi waliona kwamba madam amekataza mchezo mzuri bila sababu, wakauhamishia nyuma ya tangi, na kila darasa lililofuata likaurithi kutoka kwa lililotangulia.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Gordon.

"Calvince hayuko tayari," alisema.

Bwana Gordon aliinua karatasi ya matokeo. "Debra, hebu nisaidie. Kijana ana namba nzuri kuliko wote, na wewe unataka kumwangusha kwa sababu namba ni nzuri?"

"Ndiyo."

"Nitawaambia nini kituoni? Nimeshawasifia."

"Nipe kesho. Nitaingia naye mwenyewe. Nikikosea, nitatia sahihi mbele yako."

"Na usipokosea?"

Debra aligeukia mlango. Bwana Gordon alitazama saa, akasema Ijumaa ni Ijumaa.

Jumatano saa tatu asubuhi, Debra alimkabidhi Calvince kipande cha kamba chenye urefu wa mikono miwili. "Nifungie fundo la mtumbwi," alisema.

Calvince alitazama huku na huku kama anayetafuta mzaha ulipojificha. Fundo la kufungia mtumbwi, watoto wa Luanda Kotieno hulijua kabla hawajajua kusoma. Alilifunga kwa muda mfupi kuliko wa kutamka jina lake, macho yakiwa kwa Debra.

"Hata nikilala nalifunga, Madam."

"Vizuri. Utalifunga tena ndani, ukishamfikia mwanasesere. Glavu utavua, mimi nitakuwa kando yako. Nikipiga ukuta mara mbili, Mark anafungua mlango na tunatoka, sote wawili, bila mjadala."

"Mtihani ni huo tu?"

"Ni huo tu."

Walivaa. Debra alikagua mikanda ya Calvince mara tatu, ingawa mara mbili zinatosha. Mitungi yote ilisoma 300. Mark alichukua vibao vyao vya majina, akavitundika kwenye ubao wa mlangoni pamoja na saa ya kuingia, akafunga komeo.

Ndani Debra hakuona kitu ila weupe. Alimfuata Calvince akiwa ameshika kisigino chake, na alijua alipo kwa sauti ya valvu. Dakika tano za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha kuta zikabana, kazi ikawa nzito, na ukimya ukaanza. Sekunde saba. Tisa. Aligundua kwamba yeye mwenyewe amebana pumzi ili amsikie vizuri, akajilazimisha kuvuta. Dakika ya kumi na tatu walimfikia mwanasesere, wakamvuta hadi mahali palipo wazi. Dakika ya kumi na tano Debra alimgusa bega na kumwekea kamba mkononi.

Calvince aliizungusha kamba, akapitisha ncha, akavuta. Fundo likaachia. Aliizungusha tena, ncha ikapita upande usio wake. Ikaachia. Mara ya tatu vidole vilisimama katikati ya kazi, kama vidole vya mtu aliyeitwa na jirani akasahau alichokuwa akifanya. Debra alisogeza tochi karibu. Kamba ilianguka. Mkono wa kulia wa Calvince ukaanza kupanda, taratibu, bila pupa, kifuani, shingoni, hadi vidole vikagusa mkanda wa barakoa.

Debra aliudaka mkono ule, akapiga ukuta mara mbili.

Nje, Calvince alipiga magoti kwenye nyasi, akatapika. Mark alisoma geji. Safari hii hakupiga kelele. "Mia mbili kumi na nne," alisema.

Debra aliisubiri rangi ya uso wa kijana irudi. Kisha akaweka kamba mbele yake. Calvince aliitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Mkono ulikuwa unaenda wapi?"

"Mkono gani, Madam?"

"Wa kulia."

Alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anatafuta na hapati. "Sijui," alisema. "Madam, kusema ukweli, sikumbuki mkono."

"Ulikuwa unavua barakoa."

Mark aligeuka, akaanza kukusanya mitungi ambayo haikuhitaji kukusanywa.

Baadaye, akiwa amekalia mpira wa maji uliokunjwa, Calvince alieleza. Tangu akiwa na miaka kumi alikuwa akimzamia mjomba wake, kuachilia nyavu zilizonasa kwenye mawe. Mjomba alikaa mtumbwini akishika kamba. Ukiibuka kabla wavu haujaachia, hukuchapwa. Uliulizwa tu, mbele ya watu wa ufukweni, kama mama yako anajua amezaa bata.

"Kule chini, hewa iliyo kifuani ndiyo hiyo tu, Madam. Nani anatupa hewa?"

"Hapa hewa yako iko mgongoni," Debra alisema. "Hiyo ya kifuani umeshaitumia. Ni taka. Itoe."

"Kichwa kinaelewa. Kifua ndicho kinakataa."

"Najua. Ndiyo sababu sitatia sahihi Ijumaa."

Calvince alisema kwa sauti ya chini, "Mama ameshatangaza kanisani."

"Nasikia, nyathina," Debra alisema, akimwita mwanangu kwa Kiluo, kama anavyomwita bintiye. Kijana aliinuka, akaenda zake.

Alhamisi Debra alileta faili ya kijani darasani. Hajazoea kuzungumza habari zake, na alizungumza vibaya, akirudia tarehe, akiacha sentensi katikati. Aliwapitishia karatasi ya Joram Oyugi mkono kwa mkono ili kila mtu asome maneno mekundu. Aliwaambia jinsi alivyokutwa, na hewa ilikuwa kiasi gani. Aliwaambia kwamba yule mchezo wa nyuma ya tangi aliuanzisha yeye, na alipoukataza alikosea mara ya pili, kwa kutosema kwa nini. Calvince hakuwa ndani. Alikuwa ameketi nje, chini ya dirisha. Debra aliona kisogo chake tu, na hakujua anasikia nini.

Emmaculate aliinua mkono.

"Kwa hivyo, Madam, ile chai nimechemsha wiki tatu ni bure?"

Darasa lililipuka kwa kicheko. "Si bure, ilikuwa tamu," mtu alisema nyuma. Debra naye alicheka, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alisahau kuhesabu. Darasa lilipotoka, alitazama dirishani. Kisogo hakikuwepo.

Ijumaa saa tano na nusu aliweka vyeti vitano mezani kwa Bwana Gordon. Cha Emmaculate kilikuwa juu.

"Na cha sita?"

"Cha sita hakipo. Kwenye fomu ya Calvince nimeandika hajakamilisha, sikuandika ameanguka. Kanuni inaruhusu wiki tatu zaidi."

"Wakati huo kituo kitakuwa kimeshajaza nafasi."

"Najua."

"Kijana mwenyewe anajua?"

Calvince alijua. Alikuwa mlangoni, begi begani. Hakupaza sauti. "Madam, umenifundisha kila kitu," alisema, "halafu umenifungia mlango." Akaondoka kuelekea steji ya matatu. Debra alimtazama hadi barabarani, akihesabu bila kutaka. Kijana alipumua mara ishirini na moja kwa dakika, kama mtu mwenye hasira. Ilikuwa afya njema.

Kilichomtia hofu tangu wakati huo hakikuwa hasira hiyo. Karatasi yenye 222 ilikuwa ndani ya begi la Calvince, na mhuri wa chuo ulikuwa juu yake. Kuna wakufunzi wengine, katika miji mingine, ambao wangeisoma wakafurahi kama yeye alivyofurahi mwaka 2019. Hakuwa na uwezo wa kuwazuia. Alichoweza kufanya ni kumpigia Calvince simu, na simu ilikuwa imezimwa Ijumaa jioni, ikawa imezimwa Jumamosi asubuhi. Alipika, akafua, akaenda sokoni Kibuye kununua viazi na kurudi bila viazi. Valarie alimwambia aketi. Aliketi, akasimama.

Jumamosi saa kumi alasiri simu iliita. Nyuma ya sauti ya Calvince kulisikika honi ya feri ya Mbita na watu wakisukumana kushusha mizigo.

"Madam, nimeongea na mjomba. Nimemwambia ile habari ya mkono."

"Amesemaje?"

"Kwanza aliniambia nirudie. Halafu akasema kuna mtu wao alipotea hivyo majini, kule Sindo, kamba ikiwa bado mkononi mwake. Hawajawahi kujua kwa nini."

Debra aliketi, safari hii bila kuambiwa.

"Jumatatu mnaanza saa ngapi?"

"Saa mbili. Utahesabu hatua zako kwa sauti, kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi."

"Wataniskia mpaka barabarani, Madam. Watasema nimerudi chekechea."

"Wacha waseme."

Jumatatu tarehe 18 Agosti, saa mbili asubuhi, Calvince Ondiek ataingia katika nyumba ya moshi, mtungi ukisoma 300. Mark atashika ubao wa majina. Debra Akello atasimama nje, sikio kwenye bati na mkono kwenye komeo, na sekunde sita zikipita bila kusikia namba, atafungua mlango.